Mkono Mmoja Kwenye Biblia, Mmoja Ndani ya Ng'ombe

Kwanza kateni kucha.

Najua mlitarajia nianze na jambo zito. Siku hizi hata kwenye semina za Kitale hakosi mtu wa tai wa kusimama mbele na kuwaambia nyinyi vijana wa kupandikiza ng'ombe kwamba ni "watoaji wa uhai", mkapiga makofi, halafu chai ikaletwa. Mimi nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini na ushee, kutoka Kitale hadi Bumula, na uhai sijawahi kumtolea mtu wala mnyama. Nilichotoa ni mkono wangu wa kushoto. Kwa hivyo kateni kucha, vueni pete, saa iwekeni mfukoni. Pete yangu ya ndoa iliwahi kubaki ndani ya ng'ombe mmoja wa Bumula baada ya glovu kupasuka. Ilitoka siku ya pili pamoja na kinyesi, na mwenye ng'ombe akamletea mume wangu ndani ya bahasha safi. Mume wangu hakuuliza ilikuwa wapi. Aliichemsha tu.

Kama kuna anayesikiliza hapa na hajui kazi yenyewe, nitaieleza upesi. Mbegu ya fahali mzuri hugandishwa ndani ya mrija mwembamba kama ule wa wino wa biro, na mirija hiyo hutiwa kwenye mtungi wenye naitrojeni, baridi ya kuunguza ngozi. Mkulima akiona ng'ombe wake analia ovyo na kuwapanda wenzake, anajua joto limeshika, anakuita. Unayeyusha mrija kwa maji ya vuguvugu, unautia kwenye kibomba, mkono wa kushoto unaingia nyuma ya ng'ombe mpaka karibu na bega, wa kulia unasukuma kibomba taratibu. Mimi ni mwanamke mfupi, kwa hivyo nilikuwa nasimama juu ya debe. Wanaume wa boma, ambao dakika moja kabla walikuwa wananifundisha kazi yangu, ghafla wote walikuwa wanakumbuka shughuli nyuma ya nyumba.

Sasa, kuhusu kilicho hai na kisicho hai, msidhani wakulima wanangoja nyinyi na simu zenu muwafungue macho. Wana msimamo wao. Nikiwa bado mgeni kazini nilienda kwa mzee mmoja wa Ndalu, nikamwonyesha picha ya fahali kwenye kitabu. Akayapenda mabega. Akaniuliza huyu yuko wapi. Nami kwa ujinga nikamwambia ukweli, kwamba alikufa zamani. Mzee akamwita mkewe, mke akamwita jirani, kikao kikakaliwa pale pale huku mrija niliokwisha kuuyeyusha ukipoteza joto. Ati ndama wa maiti atakuwa na maziwa baridi. Ati nani atamtambua babake. Mwisho mzee akataka kujua huyo fahali alizikwa wapi. Nikasema sijui, pengine aliliwa. Hapo ndipo nilipofukuzwa.

Nilimpelekea habari hiyo Mzee Barasa, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye mkono mmoja mnene kuliko mwingine kwa sababu ya kusukumwa na ng'ombe maisha yake yote. Hakunicheka. Alinishauri siku nyingine nikiulizwa fahali yuko wapi, niseme yuko Nairobi. Nikajaribu, na kweli sikufukuzwa tena. Baba aliye Nairobi watu wanamwelewa. Haonekani, hapigi simu, hatumi kitu, lakini watoto wanazaliwa na hakuna anayesema amekufa.

Mzee Barasa ndiye aliyenionyesha mbegu kwa hadubini kwa mara ya kwanza. Aliyeyusha mrija, akatia tone kwenye kioo, akaniambia nichungulie. Niliona vitu vidogo vinakimbia kama watu waliosikia lori la sukari limeanguka. Akasema hivyo viko hai. Nikasema naona, si vinakimbia. Basi akaniuliza: dakika moja iliyopita vilikuwa ndani ya mtungi, havikimbii, havili, havipumui, vimekuwa hivyo miaka. Vilikuwa hai ama vimekufa? Nikasema vilikuwa hai. Akauliza huo uhai ulikuwa umekaa wapi. Sikuwa na jibu, na hata sasa sina, na yule mtu wa tai wa semina pia hana ila amefundishwa kuongea bila kusita.

Jambo alilonisisitizia lilikuwa dogo zaidi. Kila Jumatatu, alisema, chukua kijiti, kichovye ndani ya mtungi mpaka chini, kitoe, upime pale barafu ilipofikia. Ndipo utajua naitrojeni imebaki kiasi gani. Usiangalie moshi. Moshi ni wa kuwatisha watoto.

Mimi niliangalia moshi.

Sitajitetea. Nilikuwa nimeshaitwa Daktari kwa miaka ya kutosha nikaanza kuamini. Nilikuwa na pikipiki, nilikuwa na koti jeupe, na nilipofika boma lolote la Kabuchai mtungi wangu ulikuwa unafunguliwa mbele za watu kwa madaha, moshi mweupe unamwagika, kina mama wanasema "wuui", nami nasimama kama mchungaji anayefungua madhabahu. Nikaacha kijiti nyumbani wiki moja, mbili, nyingi. Siku moja nikafungua, hakuna moshi. Nikapeleka mtungi Kitale kimyakimya, wakaujaza, moshi ukarudi, nami nikadhani uhai umerudi nao. Haukurudi. Mbegu ikishapata joto mara moja imekwisha, hata ukiirudisha kwenye baridi ya aina gani. Kwa wiki mbili nzima nilizunguka Kabuchai nikiwapandikiza ng'ombe za watu maji yaliyokufa, tena kwa heshima zote.

Baada ya siku ishirini na moja, simu zikaanza. Ng'ombe wa huyu amelia joto tena, yaani hakushika, wa yule amelia, wa kwaya nzima ya kijiji wamelia. Mzee Barasa alichukua mrija mmoja kutoka mtungini mwangu, akautia chini ya hadubini, akasogea kando nione mwenyewe. Vitu vyote vilikuwa pale, vichwa na mikia, vimetulia kabisa. Hakunitukana. Alinipa kijiti changu mkononi, akaenda zake. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiishika mikono yangu naisikia. Nikaanza kuzunguka boma kwa boma kuomba radhi na kurudia kazi. Watu walikuwa wema kuliko nilivyostahili, ingawa mmoja alinibandika jina la Daktari wa Moshi, na Kabuchai nzima ikalikubali.

Boma la mwisho kwenye orodha yangu lilikuwa la Rael.

Rael alikuwa mjane. Mumewe alikuwa amefariki karibu mwaka mmoja kabla, hawakujaliwa mtoto, na alichoachiwa ni nyumba ya mabati, kishamba cha mahindi na ng'ombe mmoja mweusi. Ng'ombe huyo alikuwa amepandikizwa mara mbili bila kushika, na pasta wao, mtu wa mizaha, akambatiza Sara, kwa ajili ya yule wa kwenye Biblia aliyengoja mpaka uzeeni. Jina likakaa. Watu walikuwa wanalitaja huku wanamwangalia Rael, wanacheka kidogo, wanaendelea na safari zao. Mara ya tatu nilimpandikiza mimi, katikati ya zile wiki mbili za moshi.

Upande wa pili wa ua alikaa shemeji yake, Simiyu, ndugu mkubwa wa marehemu. Miwa ya Simiyu ilikuwa imefika mpaka ukutani kwa Rael. Ukifungua dirisha la jikoni majani yanaingia ndani. Simiyu hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Ubaya wake ulikuwa ni kuongea vizuri. Alikuwa amepanga ibada ya kumbukumbu ya nduguye, achinjwe Sara, watu wale, waombe, kisha Rael arudi kwao Ndalu akapumzike. Akipumzika, miwa iingie sebuleni. Hilo la mwisho hakulisema, lakini miwa yenyewe ilikuwa inalisema.

Sara kuwa na mimba ndiyo ilikuwa ngao pekee. Katika ukoo ule hakuna anayechinja ng'ombe mwenye mimba kwa ajili ya marehemu. Hata walevi wao hawali nyama hiyo. Na mjane mwenye ng'ombe wa maziwa si rahisi kumhamisha, maana nusu ya kijiji inakunywa chai kutoka kwake, na hiyo nusu ina midomo.

Nilipofika siku hiyo kuomba radhi nilikuta kikao tayari. Ilikuwa Jumatano, ibada ni Jumamosi. Alikuwepo Simiyu, pasta na Biblia yake, na mama mzazi wa Simiyu, bibi kizee ambaye kila mtu alimwita Kukhu, yaani nyanya. Rael alikuwa amesimama karibu na krashi, ile nafasi nyembamba ya miti ambamo ng'ombe hubanwa, na Sara alikuwa ameshabanwa humo. Simiyu alifurahi kuniona. Alisema Mungu amemleta Daktari kwa wakati wake.

Alieleza mambo kwa upole sana. Alisema Sara hazai, hakamuliwi, kazi yake ni kula. Hiyo si ng'ombe hai, alisema, ni nyama inatembea. Kisha akamgeukia Rael.

"Shemeji, boma ni watu. Mimi kesho nikipiga hodi hapa, nani ataniambia 'tuko'? Ukienda kisimani tu, hii boma imekufa mpaka urudi."

Rael aliniangalia mimi, na nikaona midomo yake imekauka.

Pasta akasema tusihukumu haraka, uhai ni pumzi ya Mungu, kwa hivyo maadamu ng'ombe anapumua yuko hai. Simiyu akamuuliza kwa heshima kama ndama aliye tumboni anapumua. Pasta akafikiri, akasema hilo ni la kuombewa. Simiyu akasema yeye anajua kilicho hai kwa kile kinacholeta: mke analeta watoto, ng'ombe maziwa, shamba miwa. Kisicholeta kimeshakwenda, kimebakia kuondolewa tu njiani. Kukhu, aliyekuwa ameketi kwenye gunia akitafuna kitu ambacho hakikuwepo mdomoni, akasema wote wawili ni wajinga. Aliye hai ni yule ukimkosea anakasirika. Marehemu mumewe, babake Simiyu, alisema, siku ya mwisho hakuweza kula wala kugeuka, lakini alipowasikia wanawe wanagawana viatu vyake alinuna. Alipoacha kununa ndipo yeye alipoanza kulia.

Nisikilizeni vizuri hapa, nyinyi wa mashine za kupima mimba kwa picha. Siku thelathini na tano baada ya kupandikiza, mkono wa mtu mwangalifu hautakiwi kusema lolote. Jibu la kitaalamu ni moja: bado mapema, nitarudi mwezi ujao. Nikalisema hilo jibu. Simiyu akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema kama Daktari mwenyewe hajui, basi hakuna. Ndivyo watu walivyo. Mtaalamu akisema sijui, kila mmoja anasikia kile alichokuja nacho.

Nikavaa glovu, nikapanda juu ya debe, nikaingiza mkono.

Sikuhitaji mwezi ujao. Nilijua ile mbegu ilikuwa maiti kabla haijatoka mtungini, na sasa mkono wangu ulikuwa unathibitisha. Mji wa mimba ulikuwa mwembamba, pembe zake mbili zikiwa sawa kabisa, laini, tupu. Hata nilisikia kwa vidole kwamba baada ya wiki moja hivi ng'ombe huyu atalia joto tena. Nikageuza kichwa nikamwona Rael. Na hapo nikaelewa kwamba yeye pia anajua. Mwanamke anayelala ukuta mmoja na ng'ombe wake hawezi kukosa kuona joto la siku ya ishirini na moja. Alikuwa ameliona, akalinyamazia wiki mbili nzima, akiwapikia chai watu waliokuwa wanamhesabia siku.

"Daktari," Simiyu akasema, "kuna kitu ama hakuna kitu?"

"Iko," nikasema.

Pasta, ambaye nafikiri alipenda tu jambo lifungwe vizuri, akasema ingefaa niape, ili Jumamosi pasiwe na maneno. Nikasema nioshe mikono kwanza. Simiyu akasema hapana, apa ukiwa hapo hapo, ukiwa umemshika. Kwa hivyo pasta akaleta Biblia hadi kwenye debe langu, akaiinua, nami nikaweka mkono wa kulia juu yake huku wa kushoto ukiwa ndani ya Sara mpaka karibu na kwapa. Nikaapa kwamba ndani mna uhai. Sara akajamba. Kukhu akacheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Msinitazame hivyo. Najua viapo ni nini, na nilikosa usingizi kwa ajili ya kile. Lakini mimi ndiye niliyeingia boma lile na mtungi uliokufa nikidai umejaa uhai, na hakuna aliyeniapisha siku ile. Kama ni uongo, ule wa kwanza ndio ulionisumbua zaidi.

Jumamosi Simiyu alilazimika kuchinja fahali wake mwenyewe, ambaye alikuwa anamnenepesha kwa ajili ya kumtambia jirani. Alihuzunika sana siku ile na watu wakamsifu kwa jinsi alivyompenda nduguye. Mimi nilialikwa. Nilikula sahani mbili.

Wiki iliyofuata Rael alinipigia simu. Alisema kuna kitu amesahau kuniambia, na kwamba Jumapili watu wote watakuwa kanisani, pasta ana mahubiri marefu. Nikachovya kijiti changu mtungini mara tatu. Nikamwomba Mzee Barasa anichagulie mrija kwa mkono wake, na alipouliza ni wa nani nikamwambia ni wa deni langu mwenyewe, akanipa bila kuuliza tena. Nikaacha pikipiki mbali, nikapita katikati ya miwa ya Simiyu nimebeba debe kichwani na kibomba kifuani, mrija umeingizwa ndani ya blauzi ukae na joto la mwili. Hilo pia mlishike: kibomba kikishatiwa mrija, kifua chako ndicho kinga yake dhidi ya baridi ya Mlima Elgon. Kutoka kanisani tulikuwa tunasikia kipaza sauti. Pasta alikuwa anahubiri kuhusu subira. Rael alishika mkia, nami nikafanya kazi ya dakika tano, safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Nikamwambia ukweli wote hapo hapo, habari ya mtungi na moshi. Nilitaka anitukane.

"Nilijua siku hiyo yenye ulikuja," akasema. "Ulikuwa unaongea sana. Mtu mwenye yuko na kitu haongei hivyo."

Sara akashika. Miezi ikapita, Simiyu akihesabu kwa vidole kutoka ile mara ya tatu. Mwezi wa tisa ukaisha, hakuna ndama. Wa kumi ukaisha, hakuna. Rael aliniambia Simiyu alikuwa anakuja kila asubuhi kumtazama Sara kwa nyuma, anasimama, anaondoka. Tumbo lilikuwa linaonekana wazi, kwa hivyo hakuwa na la kusema. Ulipokaribia kumi na moja, Sara akazaa ndama jike, mzima, mwenye sauti. Pasta akampa jina la Isaka. Alipoelezwa kwamba ni jike, akasema basi Rebeka.

Jumapili yake kanisa zima lilitoa ushuhuda. Ng'ombe aliyebeba kupita mpaka wa maumbile. Watu walikuja kutoka mbali kumwona. Mama mmoja aliomba maji ya kunywa aliyobakiza Sara. Kama ningekuwa na akili ya biashara ningejenga hoteli. Simiyu peke yake ndiye aliyenijia pembeni. Aliniuliza, kwa ile sauti yake nzuri, kitaalamu ng'ombe hubeba miezi mingapi. Nikamwambia tisa na siku chache.

"Hii imebeba karibu kumi na moja."

"Si ndiyo maana inaitwa Sara," nikasema.

Alijua. Lakini angesema nini, kwamba Mungu hawezi? Mbele ya kanisa lote? Akanipa mkono. Miwa yake ikarudi nyuma hatua kumi kutoka ukutani, na ikabaki hapo.

Nimestaafu sasa. Nakaa Kitale, nafuga kuku ambao hawahitaji msaada wa mtu. Nikipita sokoni watu wanashtuka: "Kumbe uko?" Nawajibu niko. Wanaona ajabu, kana kwamba mtu akishaacha kuvaa glovu anapaswa kupelekwa mahali akalazwe. Mzee Barasa alishatangulia. Kukhu pia, naambiwa siku zake za mwisho alinuna vizuri sana.

Mwezi uliopita Rael alinipigia. Ana ng'ombe watatu, wote wa ukoo wa Rebeka. Alitaka nimpimie mmoja, maana kijana wa siku hizi alikuwa amempandikiza, akapiga picha, akaondoka. Nikaenda. Langoni nilikuta gari kubwa la Nairobi. Lilikuwa la mwana mkubwa wa Simiyu. Simiyu mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwa Rael, blanketi magotini, upande mmoja wa mwili umelala kwa kiharusi.

Rael alinieleza tukiwa jikoni. Mkewe Simiyu alifariki, wana wako mjini, kila mmoja alikuwa na sababu nzuri sana. Siku moja alimkuta mzee peke yake kwenye nyumba yake kubwa, chakula cha juzi kimeganda kwenye sahani. Akamleta hapa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nikamuuliza kwa nini, baada ya yote yale. Alikuwa anakoroga chai.

"Si alisema boma ni watu. Nimeongeza mmoja."

Mwanawe Simiyu alikuja kuniamkia. Kijana mpole, anaongea vizuri kama babake. Alinivuta kando akaniuliza swali, kwa kuwa mimi ni Daktari, na watu hawa hawajawahi kujali ni daktari wa nini. Alisema mzee siku hizi haongei, hajui watu, haleti kitu, analishwa tu. Wangependa kuamua mambo ya lile shamba. Alitaka kujua kama baba yao bado yuko kweli, au ni mwili tu umebaki.

Nimeulizwa swali hilo mara moja tu kabla ya hapo, na mnajua nilivyojibu. Safari hii sikutaka kuapa bila kupima. Nikamkaribia Simiyu, nikainama karibu na sikio lake zima, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba miwa yake yote inang'olewa Jumatatu, ipandwe miti ya mbao.

Jicho lake la kulia likanigeukia polepole. Taya likaanza kutetemeka. Mkono wake mzima ukatoka chini ya blanketi ukakipiga kikombe cha maziwa, kikaruka mpaka uani, maziwa yakamwagika kwenye viatu vya Nairobi. Alinuna, jamani. Alinuna kama waziri aliyefutwa.

"Yuko," nikamwambia mwanawe. Na hapo hakuna aliyeniletea Biblia.

Kijana akafuta viatu, akasema ana simu ya kupiga, akatoka nje ya lango. Rael akaokota kikombe, akakijaza tena, akamwekea mzee mkononi. Kisha tukaenda zizini nyuma ya nyumba. Debe langu la zamani lilikuwa bado lipo, limeoza upande mmoja. Nikapanda, nikaingiza mkono. Pembe moja ya mji wa mimba ilikuwa imevimba vizuri, imejaa, miezi miwili na zaidi. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie Rael.

Yule kijana akawa amemaliza simu. Alirudi langoni akakuta ua mtupu, kwa hesabu yake, hatumwoni wala yeye hatuoni, na kwa adabu aliyofunzwa na babake akapiga hodi. Mimi mkono ulikuwa ndani mpaka begani. Rael alikuwa ameshika mkia kwa mikono miwili. Akapiga hodi mara ya pili.

Kutoka mlangoni, kwenye kile kiti cha plastiki, sauti iliyopinda ilijivuta, ikakwama, ikajivuta tena.

"Tuko."